Kupiga picha za wanamuziki kwenye mwanga hafifu kwa filamu ya kasi: mwongozo kamili

Negativi ninazoonyeshwa na vijana wa Lubumbashi wanaopiga picha kwenye nganda (baa zenye muziki) za mitaa ya Kamalondo na Kenya zina ugonjwa mmoja: ziko wazi mno. Ukiziinua dirishani unaona taa za jukwaa kama madoa meusi, unaona kipaza sauti, na pale palipotakiwa kuwa na uso wa mwimbaji hakuna kitu. Mwenye filamu hulaumu chembe (punje za filamu), hulaumu dawa, hudai filamu ilikuwa ya zamani. Karibu kila mara tatizo lilianza kabla kidole hakijagusa kitufe: alipima mwanga wa ukumbi, hakupima mwanga wa uso.

Mwongozo huu ni wa filamu nyeusi na nyeupe ya milimita 35, kamera ya mkono, bila flashi. Unakwenda kama kazi yenyewe inavyokwenda, tangu filamu ikiwa kwenye friji hadi negativi ikiwa kavu mkononi. Ukiwa na haraka, ruka lolote isipokuwa hatua ya 3.

## Vitu vya kuwa navyo

Kamera yoyote inayokuruhusu kupanga kasi ya shata (pazia linalofunguka kuingiza mwanga) na tundu la lenzi mwenyewe. Pentax K1000 na Nikon FM2 ni rafiki wazuri kwa sababu shata zake ni za kimakanika: betri ikifa, kinachokufa ni mita (kipima mwanga) tu, shata inaendelea. Canon AE-1 nayo ni nzuri, ila bila betri haipigi hata picha moja, basi beba betri ya akiba. Zenit E ya babu itapiga, lakini mita yake ya seleniamu haioni kitu gizani. Kwa hiyo tumia programu ya mita kwenye simu.

Lenzi ya milimita 50 yenye f/2, f/1.8 au f/1.4 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Zile lenzi ndefu za kuvuta zinazoishia f/5.6 ziache nyumbani. Tundu la f/2 linaingiza mwanga mara nane ya ule unaoingia kwenye f/5.6, na hakuna ufundi wa mkono unaoweza kufidia pengo hilo.

Filamu. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni filamu ya ISO 400 (ISO ni namba ya kasi ya filamu, yaani wepesi wake wa kushika mwanga) inayovumilia kusukumwa, neno nitakalolieleza kwenye hatua ya 1, yaani Ilford HP5 Plus au Kodak Tri-X. Ya pili ni zile za kasi kubwa, Ilford Delta 3200 na Kodak T-MAX P3200. Usidanganywe na namba iliyo kwenye boksi: kasi halisi ya Delta 3200 ni kama ISO 1000, na ya P3200 ni kama 800. Zimetengenezwa zistahimili kusukumwa hadi 3200, ndiyo maana ya hiyo namba. Kwa anayeanza nashauri HP5. Bei yake ni ya chini, na ile iliyobaki utaitumia mchana kwenye harusi.

Vya kusafishia, yaani kuitoa picha kwenye filamu: tangi la Paterson na rili yake, mfuko wa giza wa kuingiza mikono, kipimajoto, bomba la sindano la kupimia dawa, saa, dawa ya kutoa picha (Ilford ID-11 au Microphen), fiksateri (dawa ya kuimarisha picha), chupa za kahawia zenye vifuniko vinavyobana, na vibanio viwili vya nguo. Maji ya mwisho yawe ya chupa au yaliyochemshwa na kuchujwa, hasa kama birika lako la chai hubaki na ukoko mweupe ndani. Ukoko huo huo utakaa juu ya negativi.

Wengi wetu tunaletewa filamu na wasafiri. Waambie wasiziweke kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege, bali kwenye mkoba wa mkononi, na waombe zikaguliwe kwa macho. Eksirei huacha ukungu kwenye filamu za kasi kubwa, na zile mashine mpya za viwanja vikubwa zinaharibu hata ya 400. Anayekuja kwa basi kupitia mpaka wa Kasumbalesa asiziache kwenye dashibodi palipo na jua. Zikifika, friji. Siku ya kazi zitoe saa mbili au tatu kabla ya kuzifungua, la sivyo unyevu utatanda juu ya filamu yenyewe.

## Hatua ya 1: Chagua namba moja kwa filamu nzima

Weka kisahani cha ISO kwenye 1600 hata kama filamu imeandikwa 400, kisha usikiguse tena hadi filamu iishe. Filamu nzima itaingia kwenye dawa pamoja, kwa dakika zile zile. Ukipiga nusu kwa 400 na nusu kwa 1600, mojawapo lazima iharibike.

Kusukuma filamu ni kuinyima mwanga kwa makusudi, halafu kuiacha kwenye dawa muda mrefu zaidi. Kutoka 400 hadi 1600 ni hatua mbili za mwanga (kila hatua ni nusu au maradufu), yaani filamu inapata robo tu ya mwanga inaotaka. Muda wa ziada kwenye dawa unanenepesha sehemu zilizopokea mwanga: paji la uso, shavu, shaba ya tarumbeta. Sehemu ambazo hazikupokea kitu zinabaki tupu, uziache kwenye dawa hadi kesho. Anayeelewa hili moja ataelewa kila kitu kinachofuata.

Kwa nini isiwe 3200? HP5 inafika, lakini vivuli vinakufa kabisa na nyuso zinabaki nusu. Ikibidi 3200, tumia Delta 3200. Mimi hata hiyo ningeiweka kwenye 1600 halafu niisafishe kwa dakika za 3200.

Ukishafunga kamera, zungusha taratibu kile kishikio cha kurudishia filamu hadi ulegevu uishe. Piga mara mbili bure ukitazama kishikio hicho. Kikizunguka, filamu imeshika. Kisipozunguka, fungua upange upya, maana vinginevyo utapiga usiku mzima kwenye hewa.

Andika 1600 kwenye kipande cha plasta na ukibandike nyuma ya kamera. Kazi ikiisha, kihamishie kwenye kopo la filamu.

## Hatua ya 2: Fika kabla ya muziki

Fika wakati wanapanga vyombo. Salimia patro, yaani mwenye nganda, kwanza, halafu mkuu wa orkestra. Neno linalotosha ni fupi: "Papa, niko naomba nipige foto zenu leo. Nitawaletea." Halafu kweli uwaletee. Orkestra za mjini zinajuana, na aliyeahidi picha akapotea hujulikana hadi mtaa wa Katuba.

Wakijaribu vyombo, tazama taa. Zipo ngapi, rangi gani, na ni nani atasimama chini ya ipi? Mara nyingi mwimbaji ana taa, mpiga solo ana nusu ya taa, na mpiga ngoma hana kitu. Uliza pia kama kuna jenereta. Delestaji (mgao wa umeme) ikiingia katikati ya wimbo, mwanga wa baada ya jenereta kuwaka mara nyingi huwa dhaifu kuliko wa mwanzo, na wewe utalazimika kupima upya. Wapigapicha wengi husahau, wakaendelea na vipimo vya umeme uliokwisha kukatika.

Karindula, muziki wa banjo kubwa ya pipa, inataka mpango mwingine kwa sababu mara nyingi huchezwa nje. Kwa 1600 jua kali ni adui: kamera nyingi za zamani zinaishia kasi ya 1/1000, na hata kwa f/16 mwanga unazidi. Subiri saa kumi na mbili jioni, jua linapozama. Kwa robo saa hivi utapata anga bado ina mwanga, taa za kibanda zimewaka, na ngozi ya mbuzi juu ya lile pipa bado inaonekana vizuri. Baada ya hapo giza huanguka ghafla.

## Hatua ya 3: Pima uso, sahau ukumbi

Hapa ndipo filamu nyingi zinapofia, kwa hiyo twende polepole.

Mita ya kamera haijui uso ni nini. Inajumlisha mwanga wote inaouona, inadhani dunia nzima ni kijivu cha kati, halafu inakupa jibu. Ukiielekeza jukwaani taa ikiwa nyuma ya mwimbaji, inaona taa. Inasema mwanga upo tele, unafunga tundu, na uso unakuwa kivuli. Ukiielekeza mahali ambapo robo tatu ni ukuta mweusi, inasema giza limezidi, na uso unaungua. Majibu mawili, ukumbi mmoja, yote si ya kweli.

Fanya hivi.

a) Nenda karibu. Wakati wa kujaribu vyombo, au wakati wa wimbo wa kwanza, sogea mpaka uso wa mwimbaji ujaze fremu. Soma mita. Kumbuka jibu, rudi mahali pako, na utumie jibu hilo hilo hata mita ikipiga kelele.

b) Kama huwezi kusogea, tumia kiganja chako. Simama mahali ambapo taa ile ile inakupata, geuza kiganja kielekee taa, na upime kiganja. Kiganja kina mwanga kuliko kijivu cha kati kwa kama hatua moja, basi fungua hatua moja zaidi ya jibu la mita. Mita ikisema f/2.8 kwa 1/60, piga f/2 kwa 1/60.

c) Ngozi nyeusi. Ukipima moja kwa moja kwenye uso mweusi, mita itataka kuugeuza kijivu, yaani itakupa mwanga wa ziada kama hatua moja. Vitabu vingi vinasema ufunge hatua hiyo. Kwenye filamu ya kusukumwa mimi nasema usifunge. Hiyo hatua ya ziada ndiyo inayoweka kitu kwenye negativi chini ya macho, chini ya kidevu, kwenye shingo. Wakati wa kuchapa au kuskani utaurudisha uso kwenye weusi wake, na ni lazima uurudishe: uso wa mtu mweusi uliofanywa kijivu ni picha mbaya, hata kama kila kitu kinaonekana. Tofauti ni kwamba sasa una weusi wenye maumbo ndani yake. Jasho nalo linasaidia. Mng'ao wa jasho kwenye paji na pua ndio unaochora uso, kwa hiyo usiogope nyimbo za mwisho, ambapo wote wamelowa.

d) Taa nyekundu. Nganda zinapenda taa nyekundu na filamu haizipendi. Filamu ya HP5 inaona rangi nyekundu hadi mahali fulani, kisha inakuwa kipofu, wakati mita nyingi zinaendelea kuona. Mita inakwambia mwanga unatosha, filamu inapata nusu. Chini ya taa nyekundu tupu ongeza hatua moja. Ukiweza kusubiri taa ibadilike kuwa ya buluu au nyeupe, subiri.

e) Taa za tyubu na za LED. Tyubu za zamani kwenye umeme wetu wa hezi 50 huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Kwa 1/250 unaweza kuikamata taa ikiwa imefifia. Kaa 1/60 au chini. Taa za LED zilizopunguzwa mwanga zinaweza kuacha mistari kwenye picha kwa kasi kubwa, na dawa yake ni ile ile.

Ukikosa mita kabisa, anza na vipimo hivi kwa ISO 1600. Jukwaa lenye taa nyingi, mfano ukumbi kama Halle de l'Étoile: 1/125 kwa f/2.8. Nganda yenye balbu za rangi juu ya orkestra: 1/60 kwa f/2. Kibanda chenye balbu moja: 1/30 kwa f/2, na uegemee ukuta. Ukisitasita kati ya viwili, chukua kile chenye mwanga zaidi. Filamu nyeusi na nyeupe inasamehe mwanga uliozidi, haisamehi uliopungua.

Umefaulu ikiwa: kwa mwimbaji aliye chini ya taa ile ile umetumia kipimo kimoja wimbo mzima bila kuzungusha chochote. Anayebadilisha kila picha anaifuata mita.

## Hatua ya 4: Mahali pa kusimama na kulenga

Kwa f/2, kwa lenzi ya milimita 50, mtu akiwa mita mbili kutoka kwako, sehemu iliyo kali ni kama sentimita 20 tu kutoka mbele hadi nyuma. Ukilenga kipaza sauti, macho yanaweza kupotea. Lenga jicho lililo karibu nawe.

Usizungushe lenzi bila kukoma. Panga umbali mara moja, halafu wewe mwenyewe songa mbele na nyuma kwa inchi chache mpaka jicho liwe kali. Mwili una kasi kuliko vidole, hasa gizani.

Kwa mwimbaji, usisimame mbele yake kabisa: kipaza sauti kitameza mdomo. Simama pembeni, upande ulio kinyume na mkono anaoshikia. Kwa mpiga gitaa wa mkono wa kulia, simama upande wa mkono wake wa kushoto, ule unaobana nyuzi. Akitazama vidole vyake, uso unakugeukia. Ukisimama upande wa pili utapata sikio na kofia.

Egemea nguzo, ukuta, au ukingo wa jukwaa. Toa pumzi, bonyeza mwishoni mwa pumzi. Usiegemee spika. Besi inaitikisa, na kamera pamoja nayo.

Flashi hapana. Inaua mwanga wote uliokuja kuupiga picha, na wanamuziki wanaichukia. Vua pia filta yoyote iliyo mbele ya lenzi, maana taa zikiwa usoni kwako inazaa mizimu ya duara.

## Hatua ya 5: Fuata wimbo

Kujua muziki kunazidi kuwa na lenzi ya bei kubwa. Nyimbo zetu zinajipanga zenyewe kwa ajili ya mpigapicha: sehemu ya kuimba mwanzoni, taratibu, halafu sebene, sehemu ya magitaa na kucheza.

Kwenye sehemu ya kuimba, mwimbaji anatulia mwishoni mwa kila mstari. Anamaliza neno, anarudisha kichwa nyuma kidogo, anavuta pumzi. Hapo hata 1/30 inaweza kufaa. Usibonyeze wakati anaimba silabi, bonyeza anapoiacha.

Sebene ikiingia, kila kitu kinabadilika. Wacheza wanaruka, atalaku (mhamasishaji wa orkestra) anapiga kelele, mpiga solo anasogea mbele. Panda hadi 1/125 kama mwanga unaruhusu. Ukiwa huna mwanga, usipandishe kasi ukidhani unaokoa kitu, bali kubali mwendo: baki 1/30, chagua mtu mmoja asiyehamahama, mara nyingi mpiga besi, na uwaache wacheza wawe moshi kumzunguka. Mpiga ngoma pia anapendeza hivyo, uso ukiwa umetulia na fimbo zikiwa mistari.

Kuna wakati mmoja usioukosa: mabanga. Atalaku anapotaja jina la mtu aliye ukumbini, huyo mtu hujitokeza na noti mkononi. Anakwenda kumbandika mwimbaji kwenye paji la uso. Watu wawili, chini ya taa moja, wamesimama karibu. Lenga mapema mahali ambapo mwimbaji amesimama na umsubiri mgeni aje kwenye fokasi yako.

Filamu ina picha 36. Gawa: usimalize zaidi ya nne au tano kwa wimbo mmoja, na uache angalau kumi kwa saa ya mwisho. Fungua filamu mpya kati ya wimbo na wimbo, si kwenye sebene.

## Hatua ya 6: Kusafisha

Pakia filamu kwenye rili ndani ya mfuko wa giza. Jizoeze kwanza kwa filamu iliyoharibika ukiwa macho wazi, kisha macho yakiwa yamefumbwa, mpaka mikono ijue. Rili ikiwa na unyevu filamu inakwama, kwa hiyo ikauke kabisa. Mikono ikianza kutoa jasho ndani ya mfuko, funga filamu na rili ndani ya tangi, toa mikono, pumzika, rudi.

Dakika za HP5 iliyopigwa kwa 1600, dawa ikiwa haijachanganywa na maji zaidi, kwa nyuzi joto 20:

- ID-11: dakika 14
- Microphen: dakika 11

Kati ya hizo mbili nachagua Microphen kwa kazi ya usiku, kwa sababu inatoa kidogo zaidi kwenye vivuli. ID-11 inafanya kazi na ni rahisi kuipata. Kwa filamu nyingine soma karatasi ya mtengenezaji kwa namba uliyopigia, usisome ile ya boksi.

Joto. Hapa Lubumbashi linawaponza wengi. Mwezi wa 6 na wa 7 maji ya bomba ni ya baridi, mwezi wa 10 ni ya uvuguvugu. Chukua beseni, weka humo chupa za dawa zote na maji ya kuoshea, ongeza barafu au maji ya moto, na subiri kipimajoto kisome 20 kwenye dawa yenyewe, si kwenye beseni. Kama joto limegoma kushuka na dawa imebaki kwenye 24, punguza muda: zile dakika 14 zinakuwa kama 10, na zile 11 zinakuwa kama 8. Kila nyuzi moja inayopanda inakula karibu sehemu moja ya kumi ya muda. Zaidi ya 24 usianze. Subiri usiku.

Mtiririko ni huu:

1. Mimina dawa haraka. Tangi la Paterson kwa filamu moja ya milimita 35 linataka mililita 290. Weka 300.
2. Pindua tangi mara nne katika sekunde 10 za kwanza. Ligonge chini mara moja mapovu yatoke. Povu likibaki linaacha duara nyeupe kwenye negativi.
3. Kila dakika mpya, pindua mara nne tena ndani ya sekunde 10, na gonga. Usipindue bila kupumzika ukidhani unaharakisha. Utaongeza ukali wa taa na kuharibu paji za uso.
4. Muda ukiisha, mwaga. Suuza kwa maji yenye joto lile lile.
5. Fiksateri ya haraka iliyochanganywa sehemu 1 kwa 4 za maji: dakika 5. Baada ya hapo mwanga hauwezi kuidhuru.
6. Kuosha. Huna haja ya kuacha bomba wazi nusu saa, na mitaa mingi haina maji ya kuchezea. Jaza tangi, pindua mara 5, mwaga. Jaza, pindua mara 10, mwaga. Jaza, pindua mara 20, mwaga. Inatosha.
7. Maji ya mwisho, yale safi, na tone moja tu la sabuni ya vyombo. Dakika moja, bila kutikisa.

Kabla ya kuanza, jaribu fiksateri: kata kipande cha ulimi wa filamu, kitumbukize kwenye mwanga wa kawaida. Kikiwa wazi ndani ya dakika moja au mbili, fiksateri ni nzima. Kikichelewa mno, changanya nyingine.

Umeme ukikatika katikati, endelea. Tangi limefungwa na saa ya simu ina tochi.

## Hatua ya 7: Kukausha

Kiangazi chetu kina vumbi jekundu, na filamu iliyolowa inalivuta. Fungulia maji ya moto bafuni dakika chache, au ingiza sufuria inayotoa mvuke, ili vumbi litue. Toa mvuke wote, subiri kidogo, kisha tundika filamu kwa kibanio juu na kibanio chini. Funga mlango. Saa mbili au tatu. Usipitishe kitambaa, usiipulize kwa mdomo, na watoto wasiingie.

Kata vipande vya picha sita sita, weka kwenye mifuko ya karatasi, andika tarehe, mahali, 1600, dawa na dakika.

Ukiskani, zima kabisa sehemu ya programu inayonoa picha. Ndiyo inayofanya chembe zionekane kama mchanga, halafu watu wanailaumu filamu. Chembe za filamu iliyopewa mwanga wa kutosha ni laini, na kwenye karatasi ya sentimita 13 kwa 18 huzioni kama kasoro.

## Hatua ya 8: Soma negativi kabla ya kulaumu

Weka negativi juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha. Usitazame picha kwanza. Tazama ukingoni, zile namba na maandishi ya kiwanda. Yaliwekwa na mtengenezaji kwa mwanga maalum, kwa hiyo yanasema ukweli kuhusu dawa peke yake.

Namba za ukingo ni nyeusi na kali, picha ni nyembamba. Dawa ilifanya kazi yake. Wewe ulinyima filamu mwanga. Rudi hatua ya 3, na mara ijayo piga kama filamu ni ya 800 lakini isafishe kwa dakika za 1600. Usiongeze dakika.

Namba ni hafifu, picha pia ni hafifu. Dawa ilikuwa baridi, imechoka, au muda ulikuwa mfupi. Pima joto ndani ya dawa. Chupa iliyokaa nusu tupu miezi mingi itupwe.

Namba ni nyeusi kupita kiasi, na paji za uso ni nyeusi tii bila maumbo ndani. Muda umezidi au dawa ilikuwa ya moto. Punguza moja ya kumi kwenye filamu ijayo.

Hakuna picha kabisa, namba zipo. Filamu haikushika kwenye kamera. Angalia kishikio, hatua ya 1.

Hakuna picha wala namba, filamu ni wazi kabisa. Fiksateri iliingia kwanza. Andika majina makubwa kwenye chupa.

Filamu nzima ina ukungu wa kijivu, hata katikati ya fremu na fremu. Eksirei, joto, au filamu iliyopita muda wake. Kama ukungu uko upande mmoja tu na una umbo la miali, mwanga umeingia kwenye mlango wa kamera, na sponji ya nyuma inataka kubadilishwa.

Uso una maumbo, jicho lina nuru, vivuli nyuma ni wazi kabisa. Hivi ndivyo negativi nzuri ya nganda inavyoonekana. Vivuli vilivyo wazi hapa si kosa. Chapa mbili kwenye karatasi ya kawaida, moja yako, na nyingine umpelekee mkuu wa orkestra kabla ya Ijumaa.